Feni ya Hita Imegoma: Kutafuta Hitilafu kwa Kufuata Mkondo wa Umeme

Swali la kuanzia

Dereva wa gari la zamani anasafiri usiku kutoka Mbeya kwenda Tukuyu. Mvua inanyesha na kuna baridi. Kioo cha mbele kinafunga ukungu kwa ndani hadi haoni barabara. Anawasha feni ya hita kwenye namba 1, haizunguki. Anajaribu namba 2, kisha 3, kimya. Anapoweka namba 4, feni inazunguka kwa nguvu zote, na baada ya muda mfupi kioo kinakuwa safi.

(a) Kwa nini kioo kilifunga ukungu, na feni imeuondoaje?
(b) Ni sehemu gani ya sakiti iliyoharibika? Toa sababu.
(c) Taja sehemu tatu za sakiti ambazo una hakika ni nzima.
(d) Fundi amebadilisha sehemu iliyoharibika, lakini baada ya wiki mbili imeungua tena. Eleza sababu inayowezekana.

Jaribu kujibu kwenye daftari kabla ya kuendelea. Mtahiniwa mwenye haraka ataandika kwamba feni imeungua. Jibu hilo halina alama, kwa sababu feni iliyoungua isingezunguka hata kwenye namba 4. Swali la namna hii halipimi ufundi wa gereji. Linapima kama unaweza kutumia Kanuni ya Ohm na sifa za sakiti mfuatano kufikia uamuzi wenye ushahidi.

1. Hita na feni ni vitu viwili

Joto la hita ya gari la kawaida la petroli au dizeli halitokani na umeme. Maji yanayopoza injini hutoka yakiwa ya moto, na sehemu yake hupitishwa kwenye rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Feni husukuma hewa kupita kwenye rejeta hiyo. Hewa hupokea joto na kuingia ndani ya gari au kuelekezwa kwenye kioo.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa waya wowote, jiulize: kinachokosekana ni joto au ni hewa? Ikiwa hewa inatoka kwa nguvu lakini ni baridi wakati injini imeshapata moto, sakiti ya feni haina kosa. Huenda maji ya kupoza injini yamepungua, rejeta ndogo imeziba, au thamostati ya injini imebaki wazi na injini haipati moto wa kutosha. Ikiwa hewa haitoki kabisa na feni haisikiki, hapo ndipo tunaingia kwenye umeme.

Ukungu wa kioo ni suala la mada ya mvuke na umande. Pumzi za abiria na nguo zilizolowa huongeza mvuke katika hewa ya ndani. Hewa hiyo inapogusa kioo cha baridi, joto lake hushuka chini ya kiwango cha umande, na mvuke hugeuka matone madogo ya maji. Hewa yenye joto kutoka kwenye hita hupasha kioo na pia huweza kubeba mvuke mwingi zaidi. Matone hukauka. Ndiyo maana feni hii si anasa tu: bila hewa hiyo, dereva wa Njombe au Makete asubuhi ya mwezi Juni anaweza kuendesha bila kuona mbele.

2. Njia ya mkondo

Mkondo wa umeme hupita pale tu ambapo njia imekamilika. Katika gari la zamani lenye namba nne za feni, njia hiyo ni kama ifuatavyo:

betri ya 12 V → fyuzi → swichi ya funguo → swichi ya feni → vikinzani → mota ya feni → bodi ya gari → ncha hasi ya betri

Bodi ya chuma ndiyo waya wa kurudishia. Mafundi huita upande huo ethi. Katika baadhi ya magari kuna rilei baada ya fyuzi, na katika mengine swichi ya feni imewekwa upande wa ethi. Mpangilio hubadilika, lakini sehemu zote bado zimeunganishwa kwa mfuatano, hivyo kanuni ni zilezile.

Vikinzani, ambavyo mafundi huviita rezista, ndivyo vinavyobadilisha kasi. Tuchukue vikinzani vitatu vya 1.1 Ω, 0.6 Ω na 0.3 Ω vilivyopangwa kwa mfuatano, cha 0.3 Ω kikiwa karibu zaidi na mota.

Namba 1: mkondo hupita vyote vitatu, jumla 2.0 Ω.
Namba 2: hupita 0.6 Ω na 0.3 Ω, jumla 0.9 Ω.
Namba 3: hupita 0.3 Ω peke yake.
Namba 4: hauviguzi vikinzani, huenda moja kwa moja kwenye mota.

Kadiri ukinzani unavyoongezeka ndivyo volti zinazobaki kwa ajili ya mota zinavyopungua, na feni huzunguka polepole.

Vikinzani hivi vimefungwa ndani ya njia ya hewa ili upepo wa feni yenyewe uvipoze. Pamoja navyo, kwenye njia ya namba 1 hadi 3, huwekwa kikatio cha joto: kipande kidogo kinachoyeyuka na kukata njia endapo joto litazidi. Kumbuka kipande hiki, tutakihitaji baadaye.

3. Kusoma dalili

Sasa dalili zinasomeka kama hesabu. Tazama mifano mitano.

Feni inazunguka namba 4 tu. Njia ya 1, 2 na 3 zote hupita kwenye kikatio cha joto na kikinzani cha 0.3 Ω. Njia ya 4 haipiti hapo. Kwa hiyo kilichokatika ni kikatio cha joto au kikinzani hicho. Betri, fyuzi, mota na ethi ni vizima, kwa sababu namba 4 inavitumia vyote.

Feni inazunguka namba zote isipokuwa 4. Vikinzani na mota ni vizima. Chunguza mguso wa namba 4 ndani ya swichi, waya wake, au rilei ya namba hiyo kama ipo.

Feni haizunguki namba yoyote. Hitilafu ipo mahali ambapo njia zote nne zinapita pamoja: fyuzi, swichi ya funguo, waya mkuu, mota au ethi. Anza na fyuzi kwa kuwa ndiyo rahisi kuiona.

Feni inazunguka kwa unyonge namba zote. Njia haijakatika, bali kuna ukinzani usiotakiwa, mara nyingi kwenye kiungo chenye kutu, au mota yenyewe ni nzito kuzunguka.

Feni huzima na kuwaka gari likipita kwenye mashimo. Kuna kiungo kilicholegea, au brashi za mota zimeisha. Brashi ni vipande vya kaboni vinavyopeleka mkondo kwenye sehemu ya mota inayozunguka. Huliwa taratibu kwa msuguano.

Zingatia: kila dalili hukuambia mambo mawili, yaani kipi kibovu na vipi ni vizima. Watahiniwa wengi husahau la pili, na ndilo linalofupisha kazi.

4. Mahesabu

Mfano wa 1. Feni ikiwa namba 1, amita inasoma 4 A. Jumla ya vikinzani ni 2.0 Ω na betri ni 12 V. Tafuta volti za mota na joto linalozalishwa na vikinzani kwa sekunde.

Volti zinazopotea kwenye vikinzani: V = IR = 4 × 2.0 = 8 V
Volti zinazobaki kwa mota: 12 − 8 = 4 V
Nguvu ya joto kwenye vikinzani: P = I²R = 16 × 2.0 = 32 W

Vikinzani vinatoa joule 32 za joto kila sekunde. Kwa kipande kidogo kuliko kiganja, hilo ni joto kubwa. Bila upepo wa kukipoza, kitaungua.

Mfano wa 2. Ukinzani wa nyaya za ndani ya mota ni 0.4 Ω. Ikizunguka vizuri kwenye namba 4, mota hutumia 10 A. Fyuzi ni ya 20 A. Je, nini hutokea mota ikikwama?

Mtahiniwa anaweza kushangaa: kama ukinzani ni 0.4 Ω, kwa nini mkondo wa kawaida si 12 ÷ 0.4 = 30 A? Jibu ni kwamba mota inayozunguka hutenda pia kama jenereta. Huzalisha volteji inayopinga ile ya betri. Hapa, 10 A kwenye 0.4 Ω hutumia 4 V tu. 8 V zilizobaki zinakabiliana na volteji hiyo pinzani.

Mota ikikwama, volteji pinzani hutoweka. Mkondo unakuwa:

I = V ÷ R = 12 ÷ 0.4 = 30 A

Fyuzi ya 20 A inaungua. Imefanya kazi yake.

Mfano wa 3. Mota hiyohiyo imekwama, lakini swichi iko namba 1.

Jumla ya ukinzani: 2.0 + 0.4 = 2.4 Ω
Mkondo: 12 ÷ 2.4 = 5 A
Joto kwenye vikinzani: 25 × 2.0 = 50 W

Linganisha na Mfano wa 1. Joto limepanda kutoka 32 W hadi 50 W, na upepo wa kupoza haupo. Lakini mkondo ni 5 A tu, hivyo fyuzi ya 20 A haitakatika kamwe! Hapa ndipo kikatio cha joto kinapookoa gari lisiungue. Fyuzi hulinda dhidi ya mkondo uliozidi. Kikatio cha joto hulinda dhidi ya joto lililozidi hata kama mkondo ni mdogo.

5. Kupima kwa voltimita

Dalili zikishapunguza orodha, pima. Weka swichi ya funguo na namba 4 ya feni, kisha fuata hatua hizi.

Hatua ya kwanza: pima kati ya ncha mbili za mota. Ukianzia hapa umeigawa sakiti mafungu mawili. Ikiwa unasoma karibu 12 V na mota haizunguki, umeme unafika na ethi ipo. Kosa liko ndani ya mota. Unaweza kusonga mbele zaidi kwa akili tu: kama mota ingekuwa imekwama, mkondo wa 30 A ungeshakata fyuzi. Fyuzi ikiwa nzima, basi njia imekatika ndani ya mota, na brashi ndizo za kushukiwa kwanza. Fundi hugonga ganda la mota polepole. Ikizunguka kidogo, amepata uthibitisho.

Hatua ya pili: ikiwa volti za mota ni 0, unganisha waya hasi wa voltimita kwenye ncha hasi ya betri, kisha gusa ncha mbili za mota kwa zamu. Zote zikisoma 0 V, umeme haufiki. Rudi nyuma kuelekea fyuzi na swichi. Zote zikisoma 12 V, umeme umefika hadi upande wa pili wa mota lakini hauna pa kurudi; ethi imekatika. Kwa kuwa mkondo haupiti, hakuna volti zinazopotea kwenye mota, na ncha zote mbili zinabaki na 12 V.

Kanuni ya kukumbuka: katika sakiti mfuatano iliyokatika mahali pamoja, volti zote za betri huonekana kati ya pande mbili za pale palipokatika.

Hatua ya tatu: kwa feni inayozunguka kwa unyonge, pima kati ya ncha hasi ya mota na ncha hasi ya betri wakati feni inazunguka. Inatakiwa iwe karibu 0 V. Tuseme unasoma 3 V na mkondo ni 6 A. Ukinzani wa ethi ni 3 ÷ 6 = 0.5 Ω. Mota inabaki na 9 V, na kiungo chenye kutu kinapata moto wa 3 × 6 = 18 W. Dawa yake ni kufungua kiungo, kukisugua hadi chuma king'ae, na kukikaza.

Kwa nini lazima feni iwe imewashwa? Kwa sababu V = IR. Mkondo ukiwa 0, volti zinazopotea ni 0 hata kama kiungo kina kutu nene. Ukichomoa mota na kupima waya wake, voltimita inaweza kusoma 12 V kamili na kukudanganya kuwa njia ni nzuri.

Tahadhari: ondoa fyuzi kabla ya kufungua sehemu yoyote. Usishike vikinzani mara baada ya feni kuzimwa. Usipime ukinzani wa kifaa ambacho bado kimeunganishwa na betri. Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto.

6. Kwa nini kifaa kipya kinaungua tena

Turudi kwenye swali (d). Fundi aliweka vikinzani vipya, feni ikazunguka namba zote, mteja akalipa na kuondoka. Baada ya wiki mbili yakawa yaleyale. Je, aliuziwa kifaa kibovu? Huenda. Lakini jiulize kwanza: nini kilisababisha cha zamani kuungua?

Kikinzani huungua joto linalozalishwa likizidi joto linaloondolewa. Majani makavu au vumbi vikiziba njia ya hewa, upepo wa kupoza hupungua. Bushi za mota zikikauka mafuta, mota hugeuka kwa shida, volteji pinzani hushuka, mkondo hupanda, na joto huongezeka kwa mraba wa mkondo. Katika hali zote mbili kikinzani ndicho kinachokufa, lakini mgonjwa ni mwingine. Fundi alitibu homa akaacha malaria. Kabla ya kufunga kifaa kipya, safisha njia ya hewa, zungusha feni kwa mkono uone kama ni nyepesi, na pima mkondo wa mota.

Hatari kubwa zaidi ni kwenye fyuzi. Fyuzi ikikatika mara kwa mara, wapo wanaoweka ya 40 A au kipande cha waya. Feni itazunguka kwa muda. Lakini nyaya za gari zilichaguliwa kwa ajili ya mkondo wa fyuzi ya awali. Mota ikikwama, waya ndio utakaopata moto kwanza, nyuma ya dashibodi, usipoonekana, kati ya plastiki na sponji. Moshi unaanzia hapo, na abiria wako ndani. Fyuzi inayokatika inakupa taarifa, usiizibe mdomo.

7. Jibu la mfano

(a) Mvuke wa hewa ya ndani uligusa kioo cha baridi, ukashuka chini ya kiwango cha umande na kuwa matone. Feni ilileta hewa yenye joto iliyopasha kioo na kukausha matone.
(b) Kikatio cha joto au kikinzani kinachotumiwa na namba 1, 2 na 3 kwa pamoja kimekatika. Namba 4 inafanya kazi kwa sababu mkondo wake haupiti hapo.
(c) Fyuzi, mota na ethi. Namba 4 inazihitaji zote.
(d) Chanzo hakikuondolewa: njia ya hewa imeziba, au mota ni nzito na inavuta mkondo mkubwa, hivyo kikinzani kipya kimepata joto kupita kiasi.

Angalia muundo wa majibu hayo: tamko, kisha sababu. Neno "kwa sababu" ndilo linaloleta alama ya pili.

8. Maswali ya kujipima

1. Kwa kutumia vikinzani vya sehemu ya 2, eleza hitilafu iliyopo ikiwa namba 1 na 2 hazifanyi kazi lakini 3 na 4 zinafanya kazi.
2. Feni inavuta 4 A kupitia kikinzani cha 1.5 Ω kutoka kwenye betri ya 12 V. Tafuta volti za mota na nguvu ya joto kwenye kikinzani.
3. Feni haizunguki namba 4. Ukipima kutoka ncha hasi ya betri, ncha chanya ya mota inasoma 12 V na ncha yake hasi inasoma 0 V. Fyuzi ni nzima. Kosa liko wapi?
4. Kwa nini fyuzi peke yake haitoshi kulinda vikinzani vya feni?

Majibu

1. Kikinzani cha 0.6 Ω kimekatika. Namba 1 na 2 hukipitia, namba 3 na 4 hazikipitii.
2. Volti zinazopotea ni 6 V. Mota inapata 6 V. Nguvu ya joto ni 24 W.
3. Ndani ya mota. Volti zote 12 ziko kati ya ncha zake, na fyuzi nzima inaonyesha kuwa haivuti mkondo mkubwa. Njia imekatika ndani, huenda ni brashi.
4. Mota ikikwama kwenye namba ya chini, ukinzani wa vikinzani huzuia mkondo usifikie kiwango cha kukata fyuzi, ilhali joto huongezeka na upepo wa kupoza haupo.